Sura ya 7: Homa ya Kuazima

Mluzi niliusikia kabla ya kumwona mgonjwa. Ilikuwa asubuhi ya Aprili, na uwanja wa ile nyumba ya Ndandalo ulikuwa umegeuka bwawa. Nilivuka kwa kurukia matofali yaliyopangwa kutoka barabarani hadi barazani, mkoba wa dawa kichwani. Mwenyeji wangu alikuwa mzee wa Kisukuma aliyekuja Kyela na kikundi cha ngoma, mvua ikawakamata wakiwa hapa. Nyumba waliyopanga ilikuwa na chumba kimoja tu kisichovuja. Hicho walikuwa wamempa nyoka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, daktari. Pole na tope. Mtoto hali."

"Tangu lini?"

"Leo siku ya kumi na mbili. Na usiku anapiga mluzi kama mchunga ng'ombe."

Mtoto alikuwa chatu jike wa karibu mita tatu, ndani ya sanduku la mbao lililotandikwa gunia. Gunia lilikuwa limelowa. Kichwa amekiinua juu, kidevu amekiegemeza kwenye ubao, mdomo uko wazi upana wa kidole. Kila akitoa pumzi, kipovu cha kamasi kinachungulia pembeni mwa mdomo, kinatuna, kinapasuka. Kila akivuta, ndipo mluzi.

Majirani walisimama mbali, chini ya mwembe. Mmoja akanitania kwamba leo bwana mifugo kaletewa ng'ombe asiye na miguu, watu wakacheka. Mama mmoja mtu mzima hakucheka. Alilitazama lile sanduku, akasema neno moja la Kinyakyusa: embepo.

Embepo ni upepo, ni baridi, na ni zaidi ya hapo. Monica Wilson, mwanaanthropolojia aliyeishi na Wanyakyusa pamoja na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, na ambaye kitabu chake Good Company kilitoka mwaka 1951, alieleza kwa kirefu jambo ambalo bibi zetu walilijua bila kitabu: mtu akivunja taratibu za kijiji, manung'uniko ya majirani humwangukia kama ubaridi, naye huugua. Embepo sya bandu, pumzi ya watu. Wachawi, na walinzi wa kijiji waliopambana nao usiku, wote walisemekana kuwa na chatu tumboni. Humo ndimo nguvu zao zilimokaa. Kwa hiyo mama yule alikuwa na haki ya kushangaa. Chatu, bwana wa baridi, leo kapigwa na baridi mwenyewe.

Nami nilipopiga magoti kando ya sanduku na kuweka kiganja juu ya yale magamba, niliona kwamba kwa uchunguzi wa ugonjwa yule mama alikuwa amenitangulia.

Kabla ya yote niliomba karatasi. Wanyamapori wa Tanzania ni mali ya umma chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na kumfuga chatu bila kibali ni kesi ya nyara za Serikali, hata kama umemlea tangu akiwa mwembamba kama kamba ya kiatu. Bwana mifugo hana mamlaka ya kutoa kibali hicho wala kukifumbia macho. Mzee alitoa karatasi iliyokunjwa mara nane ndani ya mfuko wa nailoni, na hakuonekana kukasirika. Nadhani alishaulizwa na wengi. Usukumani kuna chama cha kale cha wataalamu wa nyoka, Wayeye, wanaojua kuwakamata, kuwachezesha na kutibu waliogongwa. Ukifika Makumbusho ya Bujora, kule Kisesa karibu na Mwanza, utaelezwa habari zao. Mzee alikuwa wa chama hicho. Alijua dawa ya sumu ya swila. Dawa ya kamasi hakuwa nayo, maana kwao, alisema, nyoka hawapati kamasi.

Hilo niliamini. Kwao kuna jua.

*

Nyoka hawezi kukohoa. Ukilishika hilo, mengine yote ya ugonjwa huu yanajieleza. Sisi na mbuzi tuna kiwambo, ule msuli mpana unaotenga kifua na tumbo, na kohozi likitukera tunavuta pumzi kwa msuli huo, kisha tunabana misuli ya tumbo mara moja, hewa inatoka kwa kishindo na uchafu wake. Nyoka hana kiwambo. Anavuta hewa kwa kupanua mbavu na kuitoa kwa kuzirudisha, taratibu, na wakati mwingine anapumzika kabisa katikati kwa dakika nzima. Kohozi likizidi ndani halina wa kulifukuza. Litapanda lenyewe kwa kufuata koromeo refu, au litabaki pale lilipo. Ndiyo maana mgonjwa huinua kichwa juu na kuachama: anaitafutia hewa njia iliyonyooka.

Nyoka wengi wana pafu moja tu la maana, la kulia. La kushoto limesinyaa au halipo. Chatu kabahatika kuwa na yote mawili, ingawa la kushoto ni dogo. Lakini ana balaa jingine analoshirikiana na jamii yake yote: usaha wake hauwi maji. Chembe nyeupe za damu yake hazina vile vimeng'enya vinavyouyeyusha usaha wetu, kwa hiyo wake hugandamana mkavu, mfano wa maziwa ya mgando yaliyokamuliwa mpaka tone la mwisho. Bonge la namna hiyo likikaa kwenye koromeo, nyoka hufa kwa kukosa hewa huku moyo wake ukiwa mzima kabisa.

Kwa hiyo ukisikia mluzi, ugonjwa si wa jana. Ulianza siku alipoacha kutembea usiku, akakataa kuku, ukaona unyevu kwenye matundu ya pua na mate yanayovutika kama uzi wa bamia ukimfungua mdomo. Tahadhari moja tu: nyoka anayekaribia kujivua gamba naye huweza kupiga mluzi siku mbili tatu, kwa sababu ngozi ya zamani imelegea ndani ya pua. Macho yake huwa na ukungu wa bluu. Huyo mwache, atapona kwa kuvua nguo.

*

Mara yangu ya kwanza kuletewa chatu mwenye kichomi nilikuwa na miaka miwili kazini, na nilimfanyia kile nilichofundishwa kumfanyia ndama. Ilikuwa Julai, ule mwezi ambao Mwera unavuma kutoka kusini juu ya ziwa zima la Nyasa, usiku unashuka chini ya nyuzi 20, na watu wa Kyela, waliozoea kulala bila shuka, wanavaa makoti ya mitumba. Nilimchoma oksitetrasaiklini kutoka chupa kubwa ya ng'ombe, kipimo nimekikisia kwa macho. Kisha nikamwagiza mwenyewe amweke ndani, penye giza, asisumbuliwe na jua.

Alikufa siku ya tano. Kwa miaka mingi nilidhani niliikosea dawa, na kweli niliikosea. Ila kilichomuua hasa ni lile agizo la mwisho.

Mtu akiugua, mwili wake unajiwashia moto. Homa tunaichukia na kuimezea dawa, lakini ni silaha: joto likipanda, kinga inakimbia kasi, vijidudu vinalegea. Je, kiumbe asiye na jiko tumboni afanye nini? Swali hilo lilijibiwa katika miaka ya 1970 na Matthew Kluger na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, kwa kutumia mijusi wa jangwani waitwao kitaalamu Dipsosaurus dorsalis. Waliwadunga bakteria, kisha wakawaacha wachague pa kukaa, kwenye joto au kwenye ubaridi. Mijusi wagonjwa walihamia penye joto zaidi kuliko kawaida yao na kukaa huko mpaka miili ikapanda nyuzi kadhaa. Walijitengenezea homa kwa miguu yao. Mwaka 1975 wakachapisha sehemu ya pili ya habari: mijusi walioambukizwa na kufungiwa kwenye joto la chini walikufa kwa wingi, waliofungiwa kwenye joto la homa wengi wakaishi. Na bakteria waliyoitumia, Aeromonas hydrophila, ndiyo hiyohiyo inayopatikana mara nyingi kwenye mapafu ya nyoka waliofugwa.

Nilipoyasoma hayo nilikuwa nimeshazika chatu wa watu. Mgonjwa wangu wa Julai alihitaji kuazima homa kutoka kwa jua, nami nikamfungia mlango.

*

Turudi Ndandalo. Kyela hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na sehemu kubwa humwagika kati ya Machi na Mei. Kwa mpunga ni neema, kwa kakao ni neema, kwa chatu aliyekaa juu ya gunia bichi ndani ya sanduku lisilo na matundu ya hewa ni shimo la kaburi. Watu hudhani unyevu ndio adui. Hapana, chatu wa porini anaishi kandokando ya mito yetu, Kiwira na Mbaka na Lufilyo, na anaogelea. Hewa kavu mno ingemgandishia kamasi na kumziba. Adui ni unyevu ukishakutana na ubaridi katika chumba kisichopitisha hewa. Porini akishalowa huota jua. Sandukuni akilowa hana pa kwenda.

Kazi ya kwanza ilikuwa joto, na hapo kila jirani alikuwa na maoni. Kijana mmoja alitaka tuweke jiko la mkaa chumbani. Nilimkatalia haraka: mkaa katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, inayoua familia nzima usingizini, sembuse mgonjwa wa mapafu. Mwingine, mkulima, alisema sanduku lipelekwe kwake likae juu ya kakao anayoivundika. Wazo hilo lilinifurahisha, sikatai. Lundo la kakao chini ya majani ya migomba hupanda hadi karibu nyuzi 50 bila kuni wala umeme, na usiku wa mvua ukiingiza mkono humo hutamani kuutoa. Lakini 50 ni joto la kuua chatu, na mvuke wake una ukali wa siki. Wa tatu, mama mmoja, alipendekeza kujifukiza. Tangu mwaka 2020 kila mtaa una bingwa wa mwarobaini, mchaichai na mkaratusi. Mvuke wa sufuria unamuunguza nyoka, na mafuta ya majani hayo yanayachoma mapafu yaliyokwisha kuvimba. Madaktari wenye vifaa humvutisha ukungu baridi wa maji ya chumvi safi kwa mashine. Huo ni ukungu tu, hauhusiani na sufuria.

Jibu lilikuwa nyumba ya pili. Palikuwa na kijana anayefuga kuku wa nyama, ametoka kuuza, na bruda yake iko tupu. Taa ya bruda hutengenezwa ili kifaranga wa wiki ya kwanza apate nyuzi 32 hadi 33, na chatu mgonjwa anataka upande wake wa joto uwe 30 hadi 32. Kijana alinisikiliza, akamtazama chatu, akaitazama bruda. "Lakini daktari, akitoka humu nitaipiga dawa mara ngapi?" Nikamwambia mara mbili, na chatu hataingia humo, tunaazima taa na kipimajoto tu. Akacheka, akatoa.

Taa tuliifunga nje ya sanduku, juu ya wavu wa chuma, upande mmoja tu. Wavu ni lazima. Nyoka aliyezizima hujizungusha kwenye balbu na kubaki hapo hadi magamba yanaiva, kwa sababu ngozi yake haimhimizi kuondoka kama yetu inavyotuhimiza. Upande mmoja nao ni lazima: yeye ndiye anayejua homa yake inataka nini saa ngapi, kwa hiyo lazima apate pa kukimbilia. Upande wa taa kipimajoto kilisoma 32, wa pili 27. Tulitoboa matundu pande mbili. Gunia tukalichoma moto, tukatandika magazeti, ambayo yana sifa ya kuonyesha kila tone la kamasi lililoanguka usiku.

Kwenye gunia hilo ndimo nilimoona vidoa vyeusi vinavyotembea. Utitiri. Mdudu mmoja ni mdogo kuliko punje ya ulezi, hukaa chini ya magamba na kuzunguka macho, hunyonya damu, na anashukiwa kwa muda mrefu kubeba bakteria kutoka nyoka hadi nyoka. Ukitaka kuhakikisha, tazama bakuli la maji: wakati nyoka anapojiloweka kujipunguzia kuwashwa, wale waliozama hukaa chini kama pilipili manga iliyosagwa. Kuna watu wanaopulizia dawa ya mbu. Wasifanye hivyo kwa mnyama ambaye tayari anahangaikia hewa.

Chakula nilikikataza kabisa, na mzee hakupenda. Nyoka mgonjwa hameng'enyi. Kuku atamwozea tumboni, na nyoka mwenye afya huweza kukaa miezi bila kula. Maji, hapo hakuna mjadala. Asipokunywa, kamasi inakuwa gundi na figo zinaanza kuteseka, nazo zitahitajika dawa ikija. Tulimweka kila siku robo saa kwenye beseni la maji vuguvugu yasiyofika mgongoni, mzee akishika kichwa kwa viganja viwili, akimwimbia kwa sauti ya chini kitu ambacho sikukielewa na sikuuliza.

*

Hayo yote yanafanyika nyumbani, na mwenye nyoka ayafanye. Lakini nyumbani kuna mpaka, na mpaka huo ni sindano.

Sababu ya kwanza ni kwamba duka la pembejeo halijui mgonjwa wako. Penisilini na ndugu zake hupiga zaidi bakteria wa kundi jingine. Wanaokaa kwenye mapafu ya nyoka kwa kawaida ni akina Aeromonas na Pseudomonas, ambao dawa hizo huwapita kama mvua ya rasharasha juu ya bati. Jentamisini inaweza kuwaua, na inaweza kuua figo za nyoka aliyekaukiwa maji. Hata kitu kinachoonekana cha kawaida kama ivermektini, ambacho nyoka wengi huvumilia mikononi mwa daktari, kinaua kobe. Ukiwa na wote wawili uani, chupa moja iliyoshikwa na mkono usiojua inatosha.

Sababu ya pili inarudi kwenye joto. Mwaka 1984 watafiti wa Uingereza walipima jinsi seftazidimu inavyokaa katika damu ya nyoka, na wakakuta inatosha kuchoma mara moja kila baada ya saa 72. Ndama angechomwa kila siku. Lakini nyoka wale walikuwa kwenye nyuzi 30. Mshushe nyoka hadi 22 na hesabu yote inavurugika, kwa kuwa mwili unaosukuma dawa umepunguza mwendo. Nimeona watu wakibadilisha dawa tatu kwa mfululizo, kila moja ikishindwa ndani ya chumba kilekile chenye baridi.

Mimi ni bwana mifugo tu, kwa hiyo nilimpigia simu daktari wa mifugo aliyesajiliwa, Mbeya mjini. Aliniuliza uzito, tukampima chatu kwenye mizani ya mpunga, ndani ya kiroba, kilo 11. Aliniuliza nyuzi, nikampa zote mbili, ya usiku na ya mchana. Ndipo akasema atakuja. Alikuja na barafu kwenye chupa ya chai, dawa ikiwa ndani, akachukua kamasi kwa pamba ndefu kwa ajili ya maabara, akachoma sehemu ya mbele ya mwili. Wengi wanashikilia utaratibu huo kwa sababu damu ya nyoka itokayo mkiani huweza kupita kwanza kwenye figo. Alikaa dakika ishirini, akanywa chai, akanifundisha sindano za siku ya tatu na ya sita, akaondoka. Hakuwahi kuniambia kwamba atapona.

Alikuwa na sababu ya kunyamaza. Si kila mluzi ni wa bakteria. Mwaka 1972 kule Uswisi nyoka wa sumu waliofugwa pamoja walianza kufa kwa ugonjwa wa kupumua, na baadaye ikajulikana ni kirusi, cha kwanza cha kundi ambalo leo linaitwa ferlavirusi. Mwaka 2014 watafiti wakaeleza kirusi kingine, cha jamii ya nidovirusi, kilichokuwa kikiua chatu wafugwao Marekani. Vyote viwili havina dawa. Joto na maji humpa mgonjwa nafasi ya kupigana, basi. Na nyoka wengine wa nyumba hiyo inabidi watengwe, kila mmoja na bakuli lake.

Halafu kuna minyoo, na hapa ufukwe wetu una historia ambayo wachache wanaifahamu. Mwishoni mwa karne ya 19 Wajerumani walikuwa na kituo kilichoitwa Langenburg, chini ya milima ya Livingstone, kabla ya kuhamia Tukuyu. Daktari wa jeshi huko alikuwa Friedrich Fülleborn, mtu asiyetulia, aliyekusanya samaki, mijusi, vyura na nyoka kuanzia ziwani hadi milima ya Poroto. Kinyonga wa Poroto mwenye pembe tatu alipewa jina lake mwaka 1900, na mmoja wa samaki wa mawe wa ziwa letu, Labeotropheus fuelleborni, mwaka 1926. Aliporudi Hamburg aligeukia minyoo, na mwaka 1928 akachapisha kazi kuhusu njia ambayo Rhabdias, mnyoo wa mapafu, hupita hadi kumfikia chura. Nyoka nao wana Rhabdias wao. Mayai yake huonekana kwa hadubini kwenye kamasi au kinyesi, na dalili zake ni mdomo wazi, kamasi, mluzi. Huwezi kumtofautisha kwa macho na bakteria. Mzee aliponiuliza kwa nini daktari kabeba makamasi ya mtoto wake kama mtu aliyebeba posho, nilimsimulia habari za Mjerumani huyo. Alisikiliza mpaka mwisho. "Alikaa hapa hapa?" "Ng'ambo ile, chini ya mlima." Akatazama upande wa ziwa, ambao kwa mvua ile haukuonekana hata kidogo.

*

Siku ya saba mvua ilikatika asubuhi, jua likatoka kwa ukali ule wa Kyela unaofanya matope yatoe mvuke. Tulimtoa chatu uani, nusu ya mkeka juani na nusu kivulini, watoto wakazuiwa mbali. Alikaa kivulini robo saa bila kutikisika. Kisha akajikokota, pingili kwa pingili, mpaka mwili wote ukawa juani, akaacha kichwa tu kivulini.

Nilikumbuka kazi ya Graham Alexander wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, aliyewafuatilia kwa miaka chatu wa kusini mwa Afrika, jamii hii hii ya kwetu, Python natalensis. Jike akitaka kuzaa hubadilika rangi, anakuwa mweusi, jua limshike upesi. Hutoka kwenye shimo la mhanga, anaota hadi mwili unafika karibu nyuzi 40, kisha anarudi chini na kuyazungushia mayai ule moto aliouchota. Hali kitu muda wote huo. Vitoto vikianguliwa hukaa navyo kama wiki mbili zaidi, bado akivibebea jua. Hebu fikiria: mnyama ambaye tunasema damu yake ni baridi, akifanya kazi ya jiko.

"Anaota homa," nilimwambia mzee.

"Anaota jua, daktari."

Sikubishana. Wiki ya tatu mluzi ulikuwa umekwisha, magazeti yalikuwa makavu, na usiku mmoja akapiga ulimi kuelekea kwa jogoo wa jirani kwa namna iliyotufurahisha wote isipokuwa jirani. Majibu ya maabara yalisema bakteria, hayakuona minyoo. Je, amepona? Sikuweza kuapa. Mapafu ya nyoka hutunza makovu yake, na ugonjwa huu hurudi mara nyingi msimu wa baridi ukirudi. Nilimwandikia mzee kwenye daftari: nyuzi, upande wa joto, upande wa kivuli, na namba ya simu ya daktari. Alimwambia mjukuu amsomee mara mbili.

Usiku, katika zile wiki tatu, umeme ulikuwa ukikatika kila siku, na taa ikizimika tulitegemea madumu ya lita tano yaliyojazwa maji ya moto na kuviringishwa khanga, yanabadilishwa kila baada ya saa tatu. Wageni wenyewe walikuwa na madumu mawili. La tatu liliwekwa usiku barazani, limejaa, linachoma, na aliyeliweka alishaondoka tulipofungua mlango. Likaendelea kuja kila usiku bila maneno. Siku wageni walipopanda lori la mpunga kurudi kwao, mzee alimtuma mjukuu alirudishe dumu kwa yule mama wa chini ya mwembe, na salamu ya Kisukuma: wabeja sana, asante sana. Mama alilipokea kwa ncha za vidole. Alilisugua kwa mchanga, akalisugua kwa sabuni, akalianika siku nzima juani. Kisha akalikata shingo, akalijaza udongo, akapanda mche wa kakao.